Wasimamizi wa Kichuguuni

Mwisho wa bustani ya mboga, nyuma ya ofisi yetu, pana kichuguu kikuukuu. Masika yalipoanza kundi la nguchiro, wale wenye milia mgongoni, walikifanya kuwa nyumba yao. Mtunza bustani alitaka kuwafukuza kwa ajili ya kuku, tukamsihi awavumilie. Mayai kadhaa yalipotea, wala hatutaki kumsingizia mtu.

Kwa muda wa mwezi mmoja hivi hatukuona mtoto hata mmoja. Tuliona tu ya kuwa kila asubuhi, kundi likienda kutafuta riziki, mkubwa mmoja au wawili walibaki mlangoni wakilinda na njaa yao. Kisha watoto wakatoka, sita, miguu ikiwatetemeka. Nguchiro majike huzaa karibu wote kwa siku moja, na mtoto hunyonya kwa jike hili na lile, hata mtazamaji hawezi kusema yupi ni wa nani.

Ndipo tulipoona jambo la kustaajabisha. Kila mtoto alijipatia mkubwa wake mmoja, mara nyingi asiye baba wala mama yake, pengine dume kijana tu. Alimfuata kutwa akilia, akiwafukuza wenzake wasimkaribie. Mkubwa akifukua mbawakawa, humwachia mtoto. Akikamata jongoo, humviringisha mchangani kwanza hata sumu imtoke, na mtoto hutazama. Malezi hayo huendelea mpaka mtoto afikishe kama miezi mitatu.

Huko Mweya, nchini Uganda, wataalamu wamewachunguza wanyama hawa tangu mwaka 1995. Mwaka 2010 walieleza ya kuwa mtoto aliyemwona mlezi wake akipasua chakula kigumu kwa meno, alitumia meno hata alipokwisha kuachana naye. Na yule ambaye mlezi wake hukirusha kwenye jiwe, naye alirusha.

Ndugu wasomaji, Kanisa Takatifu nalo lampa kila mtoto mkubwa wake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yadai msimamizi wa ubatizo awe ametimiza miaka 16, awe amepata Kipaimara na kupokea Ekaristi, aishi kadiri ya imani yake. Tena asiwe baba wala mama wa mtoto. Wazazi ndio walezi wa kwanza, lakini mtoto ahitaji jicho la pili la kutazama. Samweli hakuwa mwana wa Eli, na hata hivyo ni Eli aliyemfundisha namna ya kumwitikia Mungu.

Je, sisi twawachaguaje? Huyu ana gari, yule ni mkubwa kazini, hakosi kuleta kitenge na soda. Siku ile atashika mshumaa, atapigwa picha, atakula pilau, basi. Miaka minane baadaye katekista amwuliza mtoto jina la msimamizi wake, naye atazama dari. Wala kosa si la msimamizi peke yake. Ni wazazi wangapi waliowahi kumtuma mtoto kwenda kumwamkia, hata siku ya Noeli? Wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Nasi twaifanya kazi hiyo kama kwamba ubatizo ni karamu ya siku moja.

Tungeyasema haya kwa sauti kubwa zaidi kama tungekuwa safi. Tulipokuwa tungali katika seminari kuu, tulisimama kando ya kisima cha ubatizo na mtoto wa jirani zetu mikononi, tukajibu yote tuliyoulizwa. Jina lake twalijua, maana alipewa la kwetu. Yupo darasa la ngapi, amekwisha kukomunika, nani amfundishaye kusali, hatujui. Barua yake ipo hapa mezani tangu asubuhi, na mpaka sasa tumeandika tarehe tu.