Je, Samaki Ni Mchezo?

Ndugu msomaji, si zamani nilikaa siku tatu kwa jamaa zangu katika kijiji kimoja cha mashariki ya Unguja, na huko nikaletewa shauri ambalo sikulitazamia. Kijana wa nyumba ile hufanya kazi ya kuwachukua wageni ufuoni kwenda kuvua. Wageni hao wamekuja kupumzika, wala hawana njaa. Husimama maji ya magotini bahari inapojaa, na mkononi wana mwanzi mwepesi na mshipi mwembamba kama uzi wa kushonea. Mgeni akimnasa kolekole huvutana naye robo saa, pengine zaidi. Akisha kumchosha humnyanyua, hupigwa naye picha, kisha humrudisha majini. Kijana hupata ujira wake, na kwa ujira huo alinunua gunia la mchele akampelekea baba yake, ambaye ni mvuvi tangu utotoni. Mzee akalirudisha gunia. Alisema neno moja tu: "Mwanangu, samaki si mpira."

Kijana akanijia usiku baada ya sala ya Isha, akaniuliza: "Ami, kosa langu ni nini? Baba ameua samaki umri wake wote. Mimi nawarudisha hai. Kati yetu nani mwenye huruma zaidi?"

Swali hili si dogo, kwani nyuma yake mna baba na mtoto ambao hawali tena sinia moja. Basi na tulitazame kwa insafu, bila ya kumpendelea mzee kwa mvi zake wala kijana kwa shida zake.

Kwanza tukumbuke asili ya jambo. Mavuo ya bahari tumehalalishiwa katika Sura ya Maida, na manufaa yaliyotajwa pale ni chakula, chetu sisi na cha wasafiri. Kwa hivyo mgeni anayevua akala, au akampa jirani akala, hana lawama, hata kama alifurahi alipokuwa akivua. Furaha si dhambi. Mvuvi gani wa kwetu ambaye moyo wake hauruki mshipi unapokazika? Mzee yule mwenyewe, nilipomwuliza, alicheka akakiri.

Tatizo ni pale furaha inapobaki peke yake. Imo katika mkusanyo wa Nasai hadithi ambayo maana yake ni kuwa shomoro aliyeuliwa bure, bila ya manufaa yoyote, atamshitaki muuaji wake mbele ya Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama. Na katika Sahihi ya Muslim mna makatazo ya kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha ya kutupia mishale. Makatazo hayo hayakungoja mnyama afe. Huko kumfanya chombo cha kuchezea, hilo ndilo lililochukiwa.

Kijana akanijibu: "Lakini Ami, wageni hawa wanasema wao wanamfanyia samaki uadilifu. Wangaliweza kutumia mshipi mnene wakamvuta mara moja. Wanatumia mwembamba ili naye apate nafasi ya kukimbia."

Hoja hii ni nzuri masikioni, nami niliifikiri usiku kucha. Uadilifu wa mchezo husimama juu ya ridhaa. Vijana wawili wakishindana mbio, kila mmoja ameingia kwa hiari yake, na akishindwa anarudi nyumbani. Kolekole hakuitwa kwenye mashindano. Yeye alikifuata chakula, na sasa anapigania roho yake, hali mwenziwe anapigania picha. Tena mshipi mwembamba unaoitwa uadilifu ndio unaorefusha vita. Samaki anayevutwa kwa nguvu huchoka kidogo, na anayevutwa polepole huchoka mpaka damu yake ikachafuka kwa uchovu. Na mshipi ukikatika, huenda zake na ndoana mdomoni. Basi uadilifu huu umemwongezea nani raha, na umemwongezea nani taabu?

Na je, ni kweli kuwa arudishwaye huishi? Wengi huishi, na haifai kulificha hilo. Huko St. François, katika visiwa vya Shelisheli, wageni huja kutoka mbali kuvua kwa namna hii, na samaki wa kule hurudishwa majini. Lakini huko Bahamas wataalamu waliwafuatia samaki wa maji haba baada ya kuachiliwa, na katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 2007 walionyesha kwamba yule aliyeachiliwa akiwa hawezi hata kujisimamisha majini ndiye aliyekuwa rahisi mno kuliwa na papa au mzia, tena muda mfupi tu baada ya kuachiliwa. Mgeni ameshaigeuzia bahari mgongo, anatazama picha yake, naye anaamini kuwa amefanya huruma.

Wako wasemao kuwa samaki hasikii maumivu. Mwaka 2003 wataalamu wa Uskochi, miongoni mwao Lynne Sneddon, walieleza kuwa samaki waliodungwa dawa yenye kuwasha midomoni waliyumbayumba, wakasugua midomo yao kwenye changarawe, na wakakaa muda mrefu bila ya kula. Wataalamu wengine wamewapinga, na mjadala haujesha. Lakini mwenye shaka juu ya dhulma hujiepusha nayo kwanza, hangoji mpaka wanavyuoni wa elimu za viumbe wapatane.

Na tusidhani kuwa fikra hizi ni za wazee wa pwani tu. Kanuni za Uswisi za kuwahifadhi wanyama, za mwaka 2008, zimekataza kuvua kwa nia ya kumrudisha samaki. Sheria ya Ujerumani nayo hutaka sababu ya maana kabla ya mtu kumwumiza mnyama. Watu hao hawakusoma vitabu vyetu, na akili zao zimewafikisha karibu na neno la mzee yule asiyejua kusoma gazeti.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusifanye haraka kujisifu. Kijana alinikumbusha jambo lililonifanya niinamishe kichwa. "Ami," alisema, "mbona hamsemi juu ya wanaovuta juya ufuoni hapa, wakatoa vichanga vya samaki visivyotosha hata kitoweo, wakavitupa mchangani? Mbona baruti ikilia baharini watu hunyamaza, kisha huenda kununua?" Haki ilikuwa yake. Mgeni anamtesa mmoja akamrudisha. Sisi kwa mshindo mmoja wa baruti twaua wakubwa na wadogo pamoja na matumbawe wanamozaliana, na tunaowaokota ni wachache kuliko wanaozama. Anayekula samaki wa namna hiyo na huku akimlaumu mgeni, ni kama mwenye kuona kijiti katika chakula cha mwenziwe na huku chake kimejaa mchanga.

Ama ujira wa kijana, mimi si mufti, na mwenye kutaka hukumu aende kwa wanavyuoni. Nilimpa nasaha tu. Awaambie wageni kabla ya kutoka nyumbani: "Kwetu samaki huvuliwa akaliwa." Awape mshipi unaomstahimili samaki wa pale, avutwe upesi. Anayetosha chakula amalizwe mara moja, bila ya kuachwa akitapatapa juani, kwani tumeamrishwa wema hata katika kuchinja. Aliye mdogo, au asiyelika, arudishwe; huku kurudisha ni kuzuri, kwa sababu hakukukusudiwa tangu mwanzo. Naye ashikwe kwa mikono iliyolowa, ute wake usitoke, na ndoana iwe haina kijino, itoke bila ya kuchana. Na wakipata wa kutosha, mianzi ikunjwe, hata kama jua bado liko juu.

"Na wasipokubali?" akaniuliza.

Nikamwambia: "Hapo ndipo utakapojua kuwa unauza nini."

Alikaa kimya. Najua kuwa kazi ni adimu kijijini, na ni rahisi kwangu mimi nisiye na mtoto wa kulisha pale kusema maneno hayo. Lakini asubuhi nilipokuwa nafunga mizigo yangu, nilimwona yeye na mgeni wake wakirudi kutoka ufuoni. Kijana alibeba kolekole mmoja, amepitishwa ukindu mashavuni. Hakwenda hotelini. Alikwenda moja kwa moja mpaka barazani kwa baba yake, akamweka juu ya jani la mgomba, na mgeni amesimama nyuma yake kwa haya. Mzee alimgeuza samaki, akamtazama macho, akamtazama mwanawe. Kisha akaita ndani kuletewe kisu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tule vya halali, na tuvichume kwa njia ya huruma. Amin.