Mlango na Ukuta

Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ikichakaa, mvua hupenya. Mwenye kuuza huupiga picha mlango wa nakshi, akauacha ukuta uliolowa. Je, amesema uwongo? Hakutamka neno, na mlango ni wa kweli. Tena kila picha huacha jambo nje, na kuonyesha uzuri si dhambi. Lakini yeye aliujua ukuta; mnunuzi hakuujua. Jambo liwezalo kugeuza shauri la mnunuzi likifichwa kwa kusudi, ukimya huwa uwongo. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikaua watu. Ukuta mbovu hauangukii bei, huangukia wakaaji. Basi baada ya picha ya mlango, ifuate picha ya ufa.