Kwa Nini Mtoto Hakuitwa Tabu

Katika ukoo wetu binti wa kwanza hurithi jina la bibi mzaa baba. Hakuna aliyeliandika hilo popote, na kwa kuwa kila mtu alilijua, hakuna aliyejiandaa kulitetea. Mdogo wangu wa kiume amepata binti, na bibi wa kurithiwa ni marehemu mama yetu, Tabu. Mtoto ameitwa Leilani.

Sina ugomvi na Leilani. Ni jina la Kihawaii, na ni zuri kuliko wanavyojua waliolichagua. Lei ni shada la maua la kuvaa shingoni, na katika mashairi ya huko ni mtoto mpendwa pia, maana mtoto naye huning'inia shingoni mwa mzazi. Lani ni mbingu, lakini pia ni mwenye enzi, chifu wa daraja la juu. Simu ya wifi yangu ilisema “shada la mbinguni”, ukumbi mzima ukasema aaah. Kwa aliyekulia lugha ile, humohumo kuna mtoto wa kifalme.

Hata namna lilivyosambaa inapendeza. Mwaka 1934 Harry Owens, kiongozi wa bendi katika hoteli ya Royal Hawaiian pale Waikiki, alipata binti, akamwita Leilani, akamtungia wimbo, “Sweet Leilani”. Bing Crosby aliuimba katika filamu ya Waikiki Wedding ya 1937, ukachukua tuzo ya Oscar mbele ya wimbo wa ndugu wawili Gershwin, mmoja wao, George, akiwa ameshafariki. Wazazi wa Marekani bara wakalipenda jina, na miaka ya karibuni limo katika mia moja ya kwanza ya wasichana wa nchi ile. Baba mmoja alimwimbia mwanawe. Wengine tumechukua jina, sababu tumeiacha Waikiki.

Kwa hiyo kinachonikera si jina lililopewa. Ni sababu ya lile lililokataliwa, na hapo ndipo swali lenyewe lilipo: maana ya jina la mtu ni nini? Wanafalsafa wana fasili zao. John Stuart Mill alishikilia kwamba jina la mtu humtaja tu, halimsifii wala halimwelezi. Wengine wamempinga kwa vitabu vinene. Nawaachia wenyewe. Mimi nina kesi na mjomba wa wifi yangu.

Mjomba huyu ni mstaafu, mtu wa heshima, anayezungumza taratibu kiasi kwamba watu hunyamaza wamsikie. Kwenye kikao cha kumpa mtoto jina alisema, “Jina huumba. Ukimwita mtoto Tabu, umeikaribisha tabu ndani.” Basi. Mama aliyelea watoto sita, akasomesha wanne kwa maandazi na kushona mikeka, akawa ameondolewa kwa sentensi mbili, na mdogo wangu anatazama viatu vyake.

Jina huumba. Mimi nimesoma darasa moja na Bahati ambaye duka lake limeungua mara mbili. Namjua Furaha ambaye majirani humwamkia kwa mbali. Nilipomtajia mjomba watu hawa akatabasamu: wenye majina mema wakiharibikiwa, huo ni mtihani, wenye majina mabaya wakifanikiwa, yuko mtu aliyewaombea. Unaona ilivyo. Matokeo yoyote yakija, yeye ameshinda. Hoja ya namna hii haifungwi kwa sababu haijawahi kuteremka uwanjani.

Maadam mtoto amepewa jina la Hawaii, nikamwambia twende hukohuko. Mwaka 1838 Kīnaʻu, mwanamke aliyekuwa na cheo kama cha waziri mkuu katika ufalme ule, alikuwa akiteswa na macho. Siku hizo akazaliwa mtoto katika jamaa za machifu, na Kīnaʻu akampa majina: Liliʻu, Loloku, Walania, Kamakaʻeha. Yaani kuchonyota, kububujikwa machozi, maumivu ya kuunguza, jicho linalouma. Manne, na hakuna hata moja la kupoza. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa Malkia Liliʻuokalani, mtunzi wa “Aloha ʻOe”, na lani iliyo mwishoni mwa jina lake ndiyo lani ya mtoto wetu.

Mjomba akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole, “Si ndiye yule waliyempindua?”

Nimelala na swali hilo zaidi ya usiku mmoja. Ndiyo, walimpindua, tarehe 17 Januari 1893. Lakini waliompindua walikuwa wafanyabiashara na wanasheria, wengi wao wenye asili ya Marekani, na jana yake askari wa meli ya kivita ya USS Boston walikuwa wameteremshwa Honolulu. Nyuma yao kulikuwa na sukari: sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilikuwa imeifutia sukari ya Hawaii nafuu iliyoipata sokoni. Tena malkia alitaka katiba mpya ya kurudisha madaraka ambayo kaka yake alinyang'anywa mwaka 1887 kwa katiba ya kushurutishwa, ile walioiita katiba ya singe. Tafuta humo jicho la Kīnaʻu, hulioni. Na kaka huyo, Mfalme Kalākaua, jina lake ni “Siku ya Vita”: alizaliwa mwaka 1836, siku machifu walipowekeana saini na nahodha wa Kiingereza mkataba usio wa haki. Huyo Siku ya Vita akatawala hadi 1891, na anakumbukwa kwa nini? Kwa kurudisha ngoma ya hula hadharani na kupenda muziki. Wageni walimwita mfalme mchangamfu.

Jina la namna hiyo halimwagizi Mungu afanye jambo. Linashuhudia lililokwisha kutokea. Mashaka, Shida, Majuto, Sikujua, Masika, Chausiku: ndivyo watu wasio na daftari walivyoandika. Mjomba anasoma ushahidi kama maombi, kisha anashtuka kwamba maombi yenyewe ni mabaya. Nakubali kwamba Wahawaii wenyewe waliamini jina lina nguvu. Mary Kawena Pukui, aliyeandika mengi juu ya mila zao, anaeleza majina yaliyopatikana ndotoni na hatari ya kuyapuuza. Lakini anaeleza pia kwamba mtoto mgonjwa aliweza kupewa jina la kuchukiza ili pepo wabaya wamwache. Hata huku kwetu aliyezaliwa baada ya wenzake kufa aliweza kuitwa jina la kudharauliwa, mauti yampite. Kama jina huumba, mbona hilo baya ndilo lililokuwa kinga? Mjomba alipofika hapo alitazama saa.

Tukiwa kwa malkia, kuna jambo lake nisiloweza kulipita. Januari 1895, akiwa mfungwa katika jumba lake mwenyewe la ʻIolani, aliletewa hati ya kujiuzulu na kuambiwa atie saini “Liliuokalani Dominis”. Dominis ni ukoo wa marehemu mumewe. Katika kitabu chake cha 1898 anaeleza kwamba hakuwahi kuitumia saini hiyo, na kwamba mtu wa jina hilo hajawahi kuwapo duniani. Alitia saini, kwa kuwa alielezwa kwamba asipofanya hivyo wafuasi wake watauawa. Basi nani alijiuzulu? Walimtaka aache enzi kama mke wa mtu, wala si kama malkia, na kwa kufanya hivyo wakapata sahihi ya mtu ambaye kiti hakikuwa chake. Tangu 1860 sheria ya ufalme huohuo ilikuwa inataka watoto wachukue jina la baba na wapewe jina la Kikristo. Sharti la jina la Kikristo lilifutwa 1967 tu. Karani na kalamu yake wamekorofisha majina mengi kuliko shetani yeyote, na hilo kwa wakati wake ningelitungia insha peke yake.

Zipo hoja nyingine dhidi yangu. Mtoto atataniwa shuleni, ni kweli. Aliyebeba mimba miezi tisa ana kauli kuliko shangazi, nalo ni kweli. Na majina yetu mengi nayo yalikuja na majahazi.

Iliyobaki imetoka kwa wifi yangu, ambaye kikaoni hakusema kitu. Aliniuliza jikoni, bila ubishi wowote, “Kwani mama aliitwa Tabu kwa nini, wifi?” Nikamwambia uchungu ulimshika bibi siku tatu. Mdogo wangu akadakia kwamba sivyo, ni mwaka babu alipokamatwa kwa kodi ya kichwa. Wote wawili tuliambiwa na mama, na mama mwenyewe hakuwa shahidi wa kuzaliwa kwake. Kīnaʻu naye alifariki mwaka 1839, kabla Liliʻu hajaweza kumuuliza lolote, lakini kule walikuwapo wengi wa kulihifadhi lile jicho. Kwetu aliyejua amezikwa, tumebaki na ushahidi tusioweza kusema ni wa kesi gani. Wifi akauliza tena: jina ambalo hata wenyewe hamjui sababu yake linatofautianaje na nililolikuta kwenye simu? Sijaiona tofauti ilipo, na bado nataka mtoto aitwe Tabu.