Mikono ya Musa na vipele vya mtoto

Jumanne nilibisha hodi kwa mama mmoja wa jumuiya yetu, nikamkuta amempakata mwanawe wa miaka 4, anampaka kalamaini kwa ncha ya kidole, kipele kimoja kimoja. Tumboni vingine vilikuwa malengelenge ya maji, vingine vimeshafanya magamba, vingine ndiyo kwanza vinachomoza. Kucha za mtoto zilikuwa zimekatwa fupi asijikune akajitia vidonda.

“Mchungaji,” akaniambia kwa uchungu, “zahanati wamesema tetekuwanga itaisha yenyewe, nimpe parasetamoli tu, nisithubutu aspirini. Mbona mtoto wa jirani kalazwa, katundikiwa dripu ya asaiklovia? Wangu ana kosa gani?”

Wapendwa, mtoto wa jirani anatibiwa saratani ya damu. Dawa za saratani zimeshusha kinga yake, na kwake tetekuwanga inaweza kushuka mapafuni au kupanda kwenye ubongo. Kuchelewa ni hatari.

Asaiklovia yenyewe ni dawa ya ajabu. Hulala kimya mpaka ifike ndani ya seli iliyovamiwa, na hapo kimeng'enya cha kirusi chenyewe ndicho huiamsha. Ikiamka hujipachika kwenye uzi wa vinasaba unaofumwa, uzi ukakomea hapo, kirusi kikashindwa kuzaliana. Gertrude Elion, ambaye maabara nyingi zilimkataa kwa kuwa ni mwanamke, ni miongoni mwa waliotupatia dawa hii. Nobel alipewa mwaka 1988. Lakini kuvifagia virusi vilivyokwisha kuzaliwa si kazi ya dawa. Hiyo ni kazi ya askari wa mwili. Hata mtoto mwenye afya akiinywa ndani ya saa 24 tangu vipele vitoke, hupunguziwa homa kwa siku moja hivi, na mwili wake bado hujifunza kumtambua adui.

Nikamsomea mama yule Kutoka sura ya 17. Haruni na Huri hawakushika upanga siku ile ya vita. Walishika mikono ya Musa iliyochoka, mpaka jua likatua. Bondeni alipigana Yoshua. “Yoshua wa mwanao ana nguvu,” nikamwambia. “Wa jirani amechoka, ndiyo maana ameletewa wa kumshika mikono.”

Akanyamaza, akamalizia kipele cha shingoni. Kisha akafuta vidole kwenye khanga, akachukua simu, akampigia mama aliyeko wodini.