Nota Tano na Zaburi ya 136

Zaburi ya 136 ina mistari 26, na yote inaishia kwa itikio lile lile: "kwa maana fadhili zake ni za milele". Anayeisoma peke yake nyumbani huanza kuliruka akifika mstari wa tano, na hapo anaikosa Zaburi yenyewe, maana imejengwa kwa kupokezana. Aliyewahi kukaa na wazee wa Kiiraqw wakisema slufo ataielewa upesi: mmoja anatoa maneno ya baraka, waliokaa wanaitika kwa pamoja.

Itikio halibadiliki, ila kinachotangulia hubadilika. Linaitikiwa baada ya jua, mwezi na nyota. Linaitikiwa tena kwenye Bahari ya Shamu, jangwani, na kwa habari za wafalme Sihoni na Ogu. Mstari wa 23 unashuka hadi kwenye unyonge wetu, na wa 25 unafika kwenye chakula. Maneno ni yale yale, uzito ni mwingine. Sisi wa Babati tunaujua uzito huo. Mwaka 2017, India ilipowekea kikomo mbaazi kutoka nje na bei ikaanguka, wako waliomshukuru Mungu kwa mavuno huku magunia yamelala ndani bila mnunuzi. Itikio lile halikuwa jepesi kinywani.

Nawaandikia hasa watunzi wa kwaya zetu, kwa sababu wengi mna haraka ya kuongeza. Wimbo mmoja unabeba melodi tatu, na kinanda kinabadili mdundo kabla waumini hawajaushika wa kwanza. Chukueni maneno mawili tu: "Asante Bwana". Yapeni nota tano: so ya chini, do, re, mi, do. Pigo zito liangukie "san", kisha "Bwa", kwa kuwa ndivyo tunavyotamka. Likiangukia "te", hata bibi wa benchi la nyuma asiyejua nota atasikia kuna kitu kimekwenda upande. (Nyimbo nyingi tulizozitafsiri kutoka Ulaya zina kasoro hiyo mpaka leo, na tumezizoea.)

Sasa bakini hapo hapo. Rudieni. Pandisheni ngazi moja: la ya chini, re, mi, fa, re, tayari shukrani ile ile inasikika kama inauliza. Wapeni besi nota zile za kwanza, wazivute mara mbili ya urefu wake, soprano wakiimba juu yao kwa mwendo wa kawaida. Sauti ya tatu iingie kabla soprano hawajamaliza. Nyamazeni pigo moja, mrudi kwenye do. Wimbo mfupi umekamilika, na kila kilichomo kimetoka katika zile nota tano.

Bernard Kyamanywa alikuwa mwanafunzi wa theolojia Makumira alipoandika "Mfurahini, Haleluya" mwaka 1966 kwa melodi ya Kihaya. Kiitikio chake kinarudi baada ya kila ubeti, na mgeni anayekisikia kwa mara ya kwanza huwa anaimba na wenzake kabla wimbo haujaisha. Leo Walutheri wa Marekani nao wanao katika kitabu chao cha nyimbo. Hakuhitaji wingi wa melodi kufika huko. Naamini Mungu anayeturudishia fadhili zile zile kila asubuhi hachoki tukimrudishia shukrani ile ile, ilimradi tumeitafakari kila mara tunapoisema.

Jumapili ijayo tutaisoma Zaburi ya 136 yote. Naomba mtunzi mmoja atupe itikio la nota zisizozidi tano, ambalo waumini wote wataliimba mara 26, hata kwenye mstari wa unyonge na ule wa chakula. Nota zimfikie mwalimu wa kwaya kabla ya mazoezi ya Alhamisi, ili besi wapate muda wa kujifunza.