Nisipovua Mimi, Atavua Mwingine



Leo twende ziwani. Ukitoka Tunduma kushuka upande wa Kamsamba, baridi ya juu unaiacha nyuma, unaingia kwenye joto la bonde la Ziwa Rukwa. Mito kama Momba na Songwe inaingia ziwani humo, lakini hakuna hata mto mmoja unaotoka. Ni kama sinia moja la familia: mmoja akizidisha tonge, mwingine anabaki na njaa.

Uvuvi wa Rukwa si kazi ya mchezo. Kuna upepo, kuna mamba, na kuna siku mtumbwi unarudi mtupu wakati nyumbani wanasubiri unga. Kwa hiyo tusimhukumu mvuvi tukiwa tumekaa kivulini na simu zetu.

Lakini swali lipo. Kijana anavuta kokoro asubuhi. Wavu una macho madogo, umebeba kila kitu: perege wakubwa, na wadogo wasiozidi kidole. Anajua sheria inakataza. Anajua pia kwamba hawa wadogo wangemfaa zaidi mwakani. Ukimuuliza, anajibu: "Nisipovua mimi, atavua mwingine."

Jamani, hoja hii tusiidharau. Ina ukweli ndani yake. Mtumbwi mmoja haumalizi ziwa, na mtumbwi mmoja ukiacha hauliponyi. Huenda kweli wale wadogo aliowaachia asubuhi watanaswa jioni na jirani yake. Sasa amepata faida gani?

Tatizo ni kwamba kila mtu ufukweni anaweza kusema maneno hayohayo. Wote watakuwa na udhuru, na ziwa litakwisha bila mwenye kosa. Halafu hoja hii haikai ziwani tu. Pale mpakani Tunduma, anayepitisha magendo anaisema. Anayepokea rushwa anaisema: "Nikikataa, mwenzangu atachukua." Hata kwenye mtihani, anayenunua majibu anaisema. Hoja inayoweza kuhalalisha kila kitu, ukweli ni kwamba haijahalalisha chochote.

Fikiria Pilato. Alijua Yesu hana kosa. Aliona umati umeshaamua, akanawa mikono. Maji yale hayakubadilisha sahihi yake. Na wewe ukienda kuungama, padre hakuulizi mwingine angefanya nini kama ungeacha. Unaulizwa wewe umefanya nini. Matokeo ya dunia nzima hayako mikononi mwako, ila tendo lako ni lako.

Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu anatoa amri ndogo ambayo wengi tunaipita haraka: ukikuta kiota, unaweza kuchukua makinda, lakini mama mwachie aende. Mungu hakatazi kula. Anakataza kuchukua chakula pamoja na chanzo chake. Sasa mwangalie perege jike: hubeba mayai yake mdomoni, na vifaranga wakitishwa hukimbilia humo. Jamaa zake wapo hata katika Ziwa la Galilaya, alikovua Petro. Ukimtoa huyo mama majini, umetoa na kizazi kizima.

Je, mwenye njaa kweli? Kanisa si katili. Katekisimu, namba 2408, inafundisha kwamba mtu aliyebanwa na hitaji la haraka na la wazi, kama chakula, akichukua kwa sababu hana njia nyingine, huyo si mwizi. Lakini tuwe wakweli: sufuria moja ya watoto leo jioni ni jambo moja, na magunia ya samaki wachanga yanayosubiri gari la mnunuzi ni jambo jingine. Namba 2415 inatukumbusha kwamba jirani yetu ni pamoja na vizazi vijavyo. Papa Fransisko alilirudia hilo mwaka 2015 katika Laudato Si'. Mtoto atakayezaliwa Kamsamba miaka 20 ijayo hana sauti kwenye mwalo leo. Dhamiri yako ndiyo sauti yake.

Basi, ni kweli peke yako hutaliponya ziwa. Ndiyo maana usibaki peke yako. Viko vikundi vya BMU vya kulinda uvuvi, ziko jumuiya ndogo ndogo, yapo makundi yetu ya vijana. Mmoja akiacha, anaitwa mjinga. Watano wakiacha pamoja, kijiji kinaanza kuuliza. Na wewe mnunuzi wa sokoni Tunduma, usijitoe: kokoro linavutwa kwa sababu kuna anayenunua.

Tafakari wiki hii: ni jambo gani unalifanya kwa sababu tu "mwingine angelifanya"?

Ee Bwana, uliyewaita wavuvi wakakufuata, utupe moyo wa kutosheka na ujasiri wa kuwa wa kwanza kuacha. Amina.