Hakika na Haki

Maneno haki na hakika yametoka katika shina moja la Kiarabu, lenye maana ya jambo lililo thabiti na lililo wajibu. Katika Kurani Tukufu Mwenyezi Mungu anaitwa Al-Haqq, na Sura ya 69, inayoeleza habari za hukumu, inaitwa Al-Haaqqa. Basi hakika si jambo la kujua tu, bali pia ni deni la kulipa. Mtu asemaye, "Hakika nimeamini," ilhali amezuia ujira wa kibarua wake, ulimi wake wataja hakika, bali mkono wake waivunja. Je, wawezaje kumwabudu aliye Haki, nawe umeshika haki ya mja Wake? Mlipe leo, kisha usali.